Kaburi Katikati ya Msingi

Kaka Valence, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa kumzika mama.

Mahindi tumevuna, na mitihani ya nusu mwaka ya kidato cha tatu nimemaliza. Mama alipohitaji upasuaji, ulinijibu kutoka Ujerumani: "Noela, nikigusa akiba sitastaafu nikiwa na miaka arobaini. Mwambie avumilie." Alivumilia mpaka akafa.

Baba mdogo aliuliza, "Tumlaze wapi?" Nikasema umeagiza azikwe Maposeni, kwenye kiwanja chako cha kustaafia. Wakachimba katikati ya msingi wa nyumba uliyoanza kujenga. Unajua kwetu kaburi halihamishwi, wala hakuna anayejenga chumba juu yake.

Jumamosi nililijengea kwa saruji uliyoiacha stoo, nikanawa mikono, nikarudi shule.

Mdogo wako,
Noela