Inchi Tatu, Inchi Mbili na Nusu, na Mimi Katikati

Jumatatu, 4 Machi

Bomba la moshi limeanguka! Si kipande — lote, kuanzia chini ya turbo, ile feni inayoongezea injini nguvu, mpaka mkiani. Nilikuwa naingia geti la shule yetu ya udereva, wanafunzi wangu wamejipanga nje wanasubiri somo la kuegesha gari. Kishindo. Cheche. Halafu ngurumo. Mama mmoja wa makamo, anayeogopa hata kupiga honi, akaniuliza kama hilo nalo limo kwenye mtihani.

Kutu tu. Lakini kwa nini wiki hii? Jumapili ni mbio fupi za klabu yetu ya magari, kule kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Mwaka mzima nafundisha watu kwenda mwendo wa kobe — "klachi, mama, klachi, KLACHI!" — nina haki ya kukanyaga mafuta mpaka chini siku moja.

Gari limevutwa hadi gereji ya Baba. Baba ndiye mwenye gereji, mume wangu ndiye fundi wake mkuu. Alikuja pale kujifunza kazi, akaondoka na binti wa bosi. Kwa hiyo nina mafundi wawili, wote wangu. Bahati iliyoje!

Jumanne, 5 Machi

Si bahati.

Bomba jipya linatengenezwa upya kabisa, kwa hiyo lazima uchaguliwe upana. Mume wangu anataka inchi tatu. Baba anataka inchi mbili na nusu. Nusu inchi! Upana wa kidole changu kidogo!

Hoja ya mume wangu (asubuhi, mezani, kwa mirija miwili na juisi nzito ambayo nyingi iliishia kwenye shati lake): moshi ndio unaozungusha turbo. Ukishaizungusha, kazi yake imekwisha, uondoke zake, usizibiwe njia. Bomba likiwa pana, turbo inaamka mapema. Hoja ya Baba (mchana, kwa kupuliza kipande cha bomba la maji mpaka akashikwa na kizunguzungu, tukamkalisha): moshi kwenye njia nyembamba unakwenda mbio, kwenye njia pana unazubaa. Bomba pana ni kelele tu, amesema. Debe tupu.

Ubaya ni kwamba hawabishani. Mume wangu hawezi kumpinga baba mkwe usoni, ana adabu zake. Pale gerejini ni "Sawa baba, nimekuelewa baba." Akifika nyumbani anatupa viatu: "Mbili na nusu! Gari lipumue kwa tundu moja la pua!" Na Baba naye hataki kumkaripia mkwe. Ananipigia mimi simu. Mumeo ni mtu mzuri sana, anasema. Ila mwambie hajui.

Jumatano, 6 Machi

Chakula kwa wazazi. Wametazamana mlo mzima. Baba: "Mwambie mumeo anipe chumvi." Chumvi ilikuwa mbele ya mume wangu, na mume wangu alikuwa mbele ya Baba! Nikamwambia. Mume wangu: "Mwambie baba, karibu." Nikamwambia. Mama akasema mabomba yao yamemchosha, maana la jikoni kwake linavuja siku zote na hajaona mtu akija kubishania inchi zake.

Nimecheka, halafu nikiwa njiani nikalia kidogo. Hawa wawili walikuwa wanapiga soga gerejini mpaka wateja wanalalamika. Mume wangu alipofiwa na baba yake, Baba ndiye aliyekaa naye, hakumwacha hata siku moja. Leo nimewakuta kila mmoja kwenye meza yake, wamepeana migongo, redio tu ndiyo inaongea.

Naogopa. Ugomvi wa makelele huisha. Huu wa adabu unaweza kukaa miaka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa!

Baba aliponipigia mchana nikamwambia mume wangu amekubali mbili na nusu. Akafurahi sana. Alijua tu kijana ana akili. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba Baba amekubali tatu. Akanikumbatia mpaka nikanuka grisi. Mzee ni mtu mkubwa, akasema, wangapi wa umri wake wanakubali kubadilika?

Amani! Nilipaswa kuwa balozi, siyo mwalimu wa udereva.

Bomba lenyewe litakuwa inchi ngapi? Ah. Watayamaliza wenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Hawajayamaliza. Hawajaongea! Kila mmoja anadhani mwenzake amekubali kwa shingo upande, kwa hiyo anamwonea huruma, hataki kutaja inchi asije akamtia aibu. Wanatabasamiana tu kama wageni kwenye foleni ya benki.

Na wamegawana kazi. Kupitia kwangu, na mimi sikushtuka! Mume wangu anatengeneza nusu ya mbele, inayotoka kwenye turbo. Baba anatengeneza nusu ya nyuma, yenye sailensa ya kupunguza kelele, kwa sababu mgongo wake hauruhusu kujipenyeza mbali chini ya gari. Walipokwenda kula nikazichungulia. Zimechomelewa vizuri, zinang'aa. Nikazisogeza pamoja. Moja ikaingia ndani ya nyingine kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Nikazirudisha mbio. Ya Baba nikaifunika gunia — sijui kwa nini, kana kwamba gunia litaipanua.

Mdomo uliponza kichwa. Nilitaka kusema palepale. Lakini wamerudi, Baba amempisha mkwewe mlangoni, mkwewe amekataa kutangulia, wamesimama hapo wanapishana wee, mpaka mimi nikapita katikati yao. Nimeshindwa kusema. Kesho asubuhi, kabla hawajaunga.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari. Gari limeinuliwa juu ya stendi za chuma. Baba yuko chini yake. Mume wangu yuko chini yake. Mimi nimeambiwa nisithubutu kushuka.

Nilichelewa kusema, ndivyo ilivyokuwa. Nilipofika mume wangu alikuwa ameshafunga nusu yake, akaniambia nikae kwenye usukani niwe tayari kuwasha. Baba akatandika kipande cha godoro, bila kujali mgongo wake, akasema huu muungano lazima auone kwa macho yake. Akajivuta chini na bomba lake kifuani.

Mlio wa chuma kwa chuma.

"Mwambie mumeo," Baba akasema, "hili lake ni inchi tatu."

Nilishika usukani.

"Mwambie baba—" mume wangu akaanza, halafu akaacha. Nikasikia Baba anajigeuza. "Kwani wewe alikwambia nini?"

"Aliniambia umekubali tatu, baba."

"Mimi aliniambia umekubali mbili na nusu!"

Nikajua nimekwisha. Ndipo kile kicheko cha Baba kikaanza, kile cha kukohoa, na mume wangu akadakia, na gari zima likatikisika mpaka nikafunga mkanda.

Sasa wanabishana. Kwa makelele! Mume wangu kasema, "Hapana baba, hapo unakosea." Kwa mdomo wake! Pua kwa pua, maana huko chini hakuna nafasi ya adabu. Nikaziba uso. Na Baba: "Nakosea wapi? Nionyeshe." Anamwonyesha! Wanachora kwa chaki sakafuni, nasikia mkwaruzo. Jambo walilokubaliana mpaka sasa ni moja tu, kwamba mimi ni mwongo.

Halafu Baba akagonga sakafu ya gari kwa spana. "Mwenye gari! Wewe mwenyewe unataka inchi ngapi? Sema, tukate tuunge sasa hivi."

Wiki nzima, ndiyo mara ya kwanza kuulizwa!

Jibu ninalo. Ninalo tangu Jumanne. Lakini nikilitamka, mmoja atatoka huko chini ameshinda na mwingine atatoka na ile "sawa" yake ya heshima. Na usajili wa mbio unafungwa leo mchana. Katibu wa klabu anapiga, anataka kujua kama nimo. Nimeilaza simu kifudifudi kitini.

"Nafikiria!" nimewajibu.

Nifikirie haraka, amesema mume wangu. Halafu akamgeukia mwenzake: "Lakini baba, lile gari la daktari, uliliwekea inchi ngapi?" Na Baba: "Ahaa! Ngoja nikusimulie. Sogea huku kwanza, unanibana mkono."

Mama amekuja na chai. Ameinama, ametazama ile miguu minne iliyochomoza, akaniuliza kwa macho kulikoni. Nimeweka kidole mdomoni. Ameweka sinia juu ya boneti, akavuta ndoo, akakaa kusikiliza.

Simu inaita tena.

"Bado nafikiria!" nimesema, ingawa hakuna aliyeuliza.