Imara Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amekuja na kompyuta kapuni, chini ya vitunguu. Tovuti ya karakana ianze leo, amesema, tumezunguka vya kutosha. Ana haki. Tangu barabara igeuzwe na magari yapite nyuma ya soko, mlangoni petu wanapita paka na kinyozi wa jirani. Paka havai viatu, na kinyozi anavivaa bila kulipa.

"Mama, asiyekuwa mtandaoni hayupo."

Alisema huku akichomeka waya, bila hata kunitazama. Neno hilo – hayupo – nimekaa nalo hadi jioni kama jiwe kwenye kiatu.

Tumechagua kiolezo. Ni ukurasa ulioshonwa tayari, kazi yako ni kuubana hapa na kuulegeza pale mpaka ukukae. Nguo ya dukani. Mimi niliyekata ngozi kwa kipimo cha mguu wa mtu maisha yangu yote! Kilikuja na picha ya vijana wanne wanacheka mezani, na juu ya meza hakuna hata uzi. Chini yao: "Sisi ni viongozi katika fani yetu." Nikauliza hao sisi ni kina nani. Binti akasema ni maneno ya kujazia tu, nitaweka yangu.

Nimeyafuta. Badala yake sijaandika kitu bado. Sisi ni neno gumu.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima rangi. Kiolezo ni cha bluu, bluu ya benki. Mimi nimetaka rangi ya ngozi iliyolowekwa kwenye maji ya magome, siku ya pili, kabla haijawa nyeusi. Binti akauliza, hiyo ina jina? Haina. Akawa anatembeza kidole kwenye ubao wa rangi kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mara nikamwambia simama hapo. Ilikuwa rangi ya viganja vya Baba.

Kuna sehemu inaitwa Timu Yetu. Viduara vinne vya nyuso. Kimoja nimewekwa mimi, nimekunja uso kama ninayedai kitu. Viwili tumefuta. Cha nne kimebaki na kichwa cha kijivu kisicho na uso, kama kivuli cha mtu nyuma ya pazia. Binti alitaka kukifuta nacho. Nimesema akiache, kinasawazisha ukurasa. Akanigeukia – tangu lini mimi najua kusawazisha ukurasa?

Picha ya mdogo wangu sina. Kichwa hicho kitupu kinafanana naye kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Alhamisi, 6 Machi

Binti anasema brandi. Tovuti lazima ioneshe brandi yetu. Nimemwambia kwetu hiyo ni chapa, nayo inashikika mkononi. Akacheka. Akaenda kazini.

Alipoondoka niliitoa kwenye kitambaa chake. Kipande cha chuma, urefu wa kidole. Usoni pake korongo amesimama kwa mguu mmoja, na chini yake neno IMARA. Kila kiatu kilichotoka kwa Baba kiligongwa hicho kwenye soli, karibu na kisigino. Chuma kimechongwa kinyume ili ngozi isome sawasawa. Mteja anaona ngozi. Chuma chenyewe tulikiona watu wa ndani tu: Baba, mimi, na mdogo wangu tuliyemwita Gundi kwa kuwa alikuwa habanduki kwa mtu.

Kazi ya Gundi ilikuwa kukisugua kwa jivu. Alijifunzia herufi hapo hapo, kabla ya shule. Kwa hiyo alipoanza shule aliandika IMARA kuanzia mwisho, na R imempa mgongo mwalimu. Alichapwa. Alirudi nyumbani amevimba viganja na bado anabisha: chuma ndicho kiko sawa, ngozi ndiyo imekosea.

Asubuhi ile ya kukimbia nchi yetu, Baba alitugawia. Mimi chapa, yeye nyundo. Mmoja bila mwenzake hatagonga kitu, alisema. Nadhani ilikuwa njia yake ya kutufunga pamoja. Kwenye njia panda lori langu lilikata kulia, lake kushoto. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na amekumbatia nyundo.

Nagonga kwa nyundo ya kununua huku. Inagonga. Basi.

Leo nimepiga picha chuma, siyo ngozi. Nimeipandisha mwenyewe mahali pa nembo. Korongo anatazama kushoto, neno linarudi kinyumenyume. I na M na A hazina habari na pande. R peke yake ndiyo imegeuka. Asiyejua ataona kosa. Anayejua ni mmoja duniani, kama yupo.

Kisha nikabonyeza Chapisha. Neno zuri hilo. Limetoka tumboni mwa chapa.

Sijamwambia binti. Tumaini ukilianika mbele ya watu linapauka.

Jumapili, 9 Machi

Jina jipya nimepata: Mama Arami. Kinyozi ndiye aliyenibatiza. Anasema kwenye kiti chake palikuwa na ubishi asubuhi nzima, Arami ni viatu vya nchi gani, na mteja mmoja aliapa kuwa shemeji yake anavyo, vya Kiitaliano. Mchana akaja mwanamke amevaa miwani kubwa, akaniuliza mwenye Arami yuko ndani? Nikamwambia ndiye mimi. Akasema samahani, nikadhani ni mtu wa kufagia. Hakurudi.

Binti naye ameona. "Mama, umepiga picha chuma." Kwa upole, sauti ya kumweleza mgonjwa. Nikajibu ni macho. Afadhali anione kipofu kuliko anione ninangoja.

Alipokuwa jikoni nimepitia ukurasa wa Wasiliana Nasi. Visanduku vitupu na nyota nyekundu: jina, simu, baruapepe, unakaa wapi. Usipojaza vyote hupiti. Ujumbe wenyewe uko chini kabisa! Mgeni hajaambiwa karibu, tayari anadaiwa anakotoka. Hivyo ndivyo nilivyopokewa kwenye kila mpaka na kila dirisha la ofisi – jina, watoka wapi, wakaa wapi, mwandishi hajainua hata kichwa. Kwangu haitakuwa hivyo. Nimefuta vyote. Nimebakiza kisanduku kimoja kikubwa, na juu yake nimeandika: Karibu. Sema.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna. Binti anasema ujumbe ukija utaingia kwenye baruapepe yake. Ameangalia. Matangazo ya vitanda tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimejiuliza maswali ya mtu mwenye akili. Kama yu hai, anajua kutumia hivi vitu? Kama anajua, kwa nini atafute viatu? Kama atatafuta viatu, viko maelfu. Mwanamke mmoja ameweka korongo kinyume kwenye dirisha moja kati ya madirisha yote ya dunia, halafu anakaa nyuma yake.

Nimewahi kusoma kwamba nuru ya nyota hutufikia wakati nyota yenyewe imekwisha zimika. Nilipokuwa kijana niliona ni jambo zuri. Siku hizi silipendi.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekosana.

Mwenye duka kubwa la viatu, ambaye binti amemfuata tangu mwaka jana, hatimaye alifungua tovuti yetu. Amemjibu kwamba hawezi kuweka rafuni mali ya watu wasioweza kuandika jina lao wenyewe. Binti amefika hapa bila salamu, amekaa, amefungua kompyuta. Anaigeuza. Nikamshika mkono. Mtu mzima na mwanawe tunanyang'anyana kompyuta kama watoto wanaogombea mkeka!

Basi nikasema yote. Chuma, jivu, viganja vilivyovimba, lori. Nyundo anaijua tangu utotoni, alikuwa akiisikia kama hadithi ya kumlaza. Hakujua kama ninaendelea nayo.

Nilidhani amenielewa, na nadhani alinielewa. Kisha akasema:

"Mama, mjomba ni marehemu. Ni wewe tu hujamzika."

Kilio hakikuja, kimekauka siku nyingi. Nikauachia mkono wake. Karakana ataishi nayo yeye, mimi naelekea kuiacha. Hana dhambi ya kutaka iandikwe sawa.

Ameigeuza. Korongo sasa anatazama kulia, IMARA inasomeka. Kichwa cha kijivu nacho amekifuta, nami nimesogezwa katikati. Ukurasa umependeza. Umenyooka kama kitanda kilichotandikwa cha mtu ambaye halali tena pale.

Jumapili, 16 Machi

Nimemaliza jozi ya kinyozi. Nimegonga chapa. Imetoka safi, kila unyoya wa korongo.

Alisema, "Mama Arami, leo umepatia."

Jumatatu, 17 Machi

Binti amekuja kwa miguu kutoka kazini. Angeweza kupiga simu. Alisimama mlangoni kiatu kimoja mkononi, kamba imekatika, na hakuniomba niishone.

Kumbe ujumbe ulikuwa ukija. Kwa kuwa nilifuta visanduku, mtambo haukujua utarudisha jibu kwa nani, ukawa unauhifadhi kwenye sanduku lake la pembeni, mahali ambapo hatukuwahi kufungua. Amefungua leo akitafuta kitu kingine. Mmoja anauliza kama tunatengeneza na mikanda. Mwingine: nembo yenu imegeuka, mwambieni fundi wenu. Mwingine anacheka tu, herufi za kucheka mstari mzima.

Na mmoja:

"Iko sawa. Msiigeuze."

Basi. Hakuna jina. Hakuna simu. Mimi niliyasafisha yote kwa mkono wangu ili mgeni asisumbuliwe.

Nimemuuliza umeingia lini. Alhamisi, amesema, na akaangalia chini. Ijumaa ndipo tuliigeuza. Siku moja baada ya kuombwa tusiigeuze.

Nilimwendea kinyozi, yeye na mizaha yake. Nikamwambia aape. Aliweka mashine chini, mteja kichwa nusu. "Mama, mimi ningeandika, ningeandika na kutia chumvi. Maneno matatu siyo yangu." Ni kweli. Kinyozi hana ujumbe wa maneno matatu. Na Alhamisi siri ya picha ile alikuwa hajui mtu, hata binti.

Lakini dunia ina watu wengi. Wapo wanaopenda vitu vilivyopinda. Wapo wenye huruma, wameona kosa la mzee wakasema liacheni. Anaweza kuwa msichana mahali fulani, anasubiri basi, ameandika kisha amesahau. Haya nimemwambia binti, mimi ndiye niliyemwambia, naye ndiye aliyekuwa anatikisa kichwa kukataa. Tumebadilishana viti.

Aliuliza mara moja tu nani alifuta visanduku. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Na kama ni yeye – aliona, akasema, akaondoka. Akirudi kuangalia, atamkuta korongo amegeuzwa na kile kichwa cha kijivu hakipo. Atasema, siyo wao. Atasema, ngozi imekosea tena.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Binti ameomba ruhusa kazini. Ameketi kwenye kigoda changu, kompyuta juu ya kipande cha ngozi, na anafanya mwenyewe bila kuambiwa. Korongo anatazama kushoto tena. Duka kubwa amelisahau, au amejifanya. Kichwa kisicho na uso kimerudi kando yangu. Kiolezo kilikataa mara ya kwanza, akakitukana kwa sauti ya chini, kikakubali.

Kisha akauliza kama turudishe visanduku.

Nimefikiri. Nimesema turudishe kimoja tu. Kikae juu kabisa, kabla ya Karibu, na kiwe na ile nyota nyekundu. Asiyejaza asipite.

"Kiandikwe nini?"

"Uko wapi?"

Ameandika. Nimesoma kwenye kioo swali lile lile nililochukia kwenye kila dirisha, sasa liko kwenye rangi ya viganja vya Baba. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye Chapisha, ukasimama.

"Na kama hajui aandike nini, Mama? Wewe mwenyewe wakikuuliza uko wapi, huwa unanyamaza."

Nimechukua daftari hili kama mtu anayetafuta miwani yake. Kidole cha binti bado kiko pale pale. Ananingoja.