Vidonge Nilivyokuambia Uache

Mama,

Shikamoo. Nimekusomea Fatiha kwanza, ndipo nikashika kalamu, maana ninalotaka kukuambia nimelikalia tangu tulipokuzika.

Dada Mwanaisha alipata ugonjwa wako. Ulimwanza vilevile kama ulivyokuanza wewe: katika joto la kaskazi anajifunika kanga mbili, uso umevimba, sauti inakwaruza, anasinzia na mwiko mkononi. Bi Saumu, jirani yetu hapa Nguvumali, akasema, "Huyu kamrithi mamake uvivu!" Nikampeleka hospitali siku ileile.

Safari hii nilimwuliza daktari kila kitu. Alisema shingoni kuna tezi inayotoa kitu kiitwacho homoni, ambacho hupita katika damu na kuupa mwili joto na nguvu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya choroko, nayo ndiyo msimamizi. Homoni ile ikipungua, tezi ndogo hupeleka amri: ongeza. Ikitosha, hupunguza amri zake. Kwako na kwa Dada, tezi ya shingoni imechoka. Inaamrishwa mchana kutwa na haiwezi. Kidonge hakiiponyi; kinatia damuni kile inachoshindwa kutoa, na msimamizi anatulia. Ukiacha kidonge, upungufu unarudi polepole.

Polepole, Mama. Ndiyo maana hatukuona.

Unakumbuka ulivyopata nafuu? Ulirudi kuimba ukikuna nazi, ukawa unanitania, "Karani wangu, shati lako limenyooka kuliko mgongo wako." Tukapika wali wa shukrani, mwalimu akasoma dua. Kesho yake ukaniuliza, "Vidonge hivi nimeze tena? Tumekwisha kumshukuru Mungu, haitakuwa kama kumtilia shaka?" Uliniuliza mimi kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba. Nikadhani ni kama kwinini, homa ikitoka basi. Nikasema, "Umepona, Mama. Acha."

Cheti cha daktari kilikuwa mfukoni mwangu. Kilisema kila siku, mwisho hakikuutaja. Mimi, ambaye ofisini husoma barua mara tatu kabla ya kuipiga taipu.

Juma lililopita Dada alikuwa mzima, anacheka. Shemeji akaleta mchele wa shukrani. Nilipouona ule mchele nikaukumbuka wali wako. Nikawaketisha wote wawili, nikawaambia nilichokuambia wewe.

 Dada akasema, "Kumbe ni wewe."



Wali ulipikwa. Kabla ya dua Dada aliomba maji, akameza kidonge mbele ya watu wote, bila kunitazama.

Mpaka leo hajanisemesha, na ni haki yake. Ila kila asubuhi nikienda kazini napita kwake, nasimama mlangoni mpaka ameze. Nitasimama pale maadamu sote tuko hai, aseme nami au asiseme.

Pumzika, Mama. Nisamehe, kama unaweza.

Mwanao,
Athumani