Breki Iliyoangukia Kidole Chako

Baba Watoto,

Ukirudi mchana, chakula kiko jikoni, kipashe moto. Barafu iko kwenye friji, mfuko wa bluu. Weka kwenye kidole cha mguu. Wewe ni mchomeleaji, lakini kidole chako si chuma.

Wingu likitanda, anua nguo. Kitindamimba amalize hesabu kwanza, na ile video aliyoturekodi asubuhi ~~aifute~~ anirushie.

Sasa nisikilize. Sikukukanyaga makusudi. Darasa la swingi, dansi ya kuzungushana, ulilitaka wewe, nami nikakubali. Lakini asubuhi kwenye mazoezi pale jikoni, uliponizungusha ukaniachia mkono mmoja, mimi niliona mtaro! Miaka kumi na tisa nafundisha watu udereva, na gari la kufundishia lina breki ya pili upande wangu. Mwanafunzi akiyumba, mguu wangu wa kulia hauniulizi, unakanyaga tu. Leo mguu huo umekanyaga kidole chako mara tatu.

Ila kuniambia mbele ya mtoto, "Mke wangu, wewe huendesheki," halafu ukaenda kazini unachechemea bila kuaga, hapo uliniumiza. Na kinachouma zaidi ni kwamba ulisema kweli.

~~Darasa la dansi leo nenda peke yako.~~

Saa kumi na mbili jioni nisubiri mlangoni, twende darasani. Vaa viatu vyako vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Ukinizungusha, nitafumba macho. Hilo sijawahi kumfanyia dereva yeyote.

Mama Watoto