Aliyoyasema Herlinda Mbele ya Kamera

Boyle Heights,
Los Angeles.
9 Machi 1931

Shangazi yangu mpendwa Eduviges,

Nakuamkia kwa heshima na kwa machozi. Goti linaendeleaje? Na wale kuku wako, bado wanajiona wenye nyumba? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Shangazi, Herlinda hatunaye. Kifua kilimmaliza Alhamisi asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Binti wa dada yako, niliyemchana nywele miaka yote aliyoigiza sinema, alikwisha mpaka nikaweza kumbeba peke yangu.

Aliomba jambo moja tu, azikwe kwetu Álamos kando ya mama yake. Kaburi la ukoo liko mikononi mwako, na najua uliapa kwamba asiyekuja kumzika mama yake hatalala naye. Nakusihi, nisikilize kwanza.

Niliambiwa ulivyofoka mlangoni mwa sinema, majirani wote wakisikia: “Udongo wa mama yake haujakauka, mwenzenu yuko humo anakata kiuno na kuchekacheka! Hana haya huyu!” Nisamehe, Shangazi, lakini picha ile ilitengenezwa mwaka mmoja kabla ya msiba. Sinema hufika kwenu imeshachoka, miji yote imekwisha kuitazama. Siku mliyomwona akicheza, alikuwa sakafuni kwangu, hali wala hanywi.

Simu ya msiba ilitukuta kazini. Kwa joto lile la kwetu mlikuwa mmeshazika, na mwongozaji hakumpa ruhusa hata ya kwenda kanisani. Siku hiyo aliigiza mtawa, amepiga magoti kando ya mgonjwa anayekata roho. Picha zilikuwa bubu, alitakiwa achezeshe midomo tu. Basi akasema ya kwake, kwa lugha yetu: “Mama yangu Chole, nisamehe, sikukufumba macho. Nikija, nifungulie mlango.”

Mwongozaji akapiga makofi. “Safi sana, bibie! Hebu rudia, na machozi yaongezeke kidogo!”

Akarudia. Alimlilia mama yake mara ya pili kwa amri, Shangazi, nami nimesimama na kitana, nimekatazwa kumfuta uso nisije nikaharibu poda.

Nilitaka nikuletee picha hiyo uisome midomo yake mwenyewe. Lakini sinema za kusema zilipoingia walimwachisha kazi. Wale wale waliomtangaza kuwa binti wa mabwana wa Uhispania wakasema anatamka kama mfuaji nguo. Juzi nilikwenda kuiomba. Mzee wa stoo akanionea huruma: “Za zamani? Tumeshaziyeyusha zote, dada. Wanatoa madini ya fedha yaliyomo.” Nililia pale pale. Baba zetu wamekufa wakichimba fedha hiyo hiyo, na sasa wamemyeyusha Herlinda ili waipate.

Kwa hiyo shahidi nimebaki mimi, na sina cha kukuonyesha.

Msalimie mzee wako Fermín, na Tomasa na wanawe. Bikira Maria akufunike kwa joho lake, akupe usingizi mwema.

Tunapanda treni Jumatano ijayo. Barua hii itatutangulia. Nitagonga mlango wako, Shangazi, na yeye nitakuwa naye. Aliyomwomba mama yake, sasa nakuomba wewe. Tufungulie.

Wako akupendaye, na anayekuogopa kidogo,
Refugio