Siombi Radhi kwa Mti wa Mei

Alhamisi, 2 Mei 2019

Mwanangu Rozárka ametafuna karatasi yangu ya Kiingereza sasa hivi. Kona nzima! Nimemtia kidole mdomoni nikatoa donge la mate, na ndani yake neno betray. Anacheka tu, meno yake manne nje.

Neno lenyewe nalijua. Kwa Kicheki zradit, kusaliti. Mwalimu wetu wa Kiingereza wa Jumanne katupa orodha nzima ya maneno ya kuvuka na kusaliti, kana kwamba alijua. Mimi niliishia chuo cha upishi, lakini hoteli ya mjini inatafuta mtu wa mapokezi anayejua Kiingereza. Nitaipata ile kazi!

Sasa haya ya kijiji. Mti wetu wa Mei umekatwa, na kijiji kilichokatiwa mti wake na majirani huchekwa mwaka mzima. Juzi wanaume wa zimamoto wa kijiji waliusimamisha, msonobari mrefu kupita paa la kanisa, riboni juu, wakakaa kuulinda mpaka asubuhi kama kila mwaka. Kumekucha — uko chini! Vijana wa Vrbka ya Juu, kijiji cha ng'ambo, walivuka kijito na msumeno. Na Vrbka ya Juu ndiko kwetu nilikozaliwa. Na kaka yangu Lubor ndiye kiongozi wao. Na mimi mchana kabla ya usiku ule nilionekana kidarajani nikisukuma kigari cha mtoto kwenda kwa mama.

Basi. Kesi imekwisha.

Dukani muuzaji ananiambia, karibu jasusi, leo unataka mkate au habari? Wakacheka wote. Nikasema mkate, na usiwe wa jana kama akili zenu.

Jumamosi, 4 Mei

Mama mkwe, huku anakanda unga: mwanangu, acha kuvuka huko wiki mbili tatu, watu wasahau. Nikamwuliza, na mama yangu naye amsahau mjukuu wake? Akaupiga unga kofi. Radim, mume wangu, alikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walinzi. Alikoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

Nimevuka. Saa nne asubuhi, jua kali, nimepita mbele ya baa ya wanaume wa zimamoto. Polepole! Namwimbia Rozárka kwa sauti.

Maneno ya leo: cross the line — překročit mez, kupita mipaka. Waingereza wanavuka mstari. Sisi tunavuka ukingo wa shamba, ule ukanda wa majani kati ya jirani na jirani. Letu zuri zaidi. Kwenye ukingo mtu anaweza kukaa, akanyonyesha.

Jumanne, 7 Mei

Nimetoka kwa mama.

Lubor alikuwa anacheka mpaka machozi. Dada, nani alihitaji jasusi? Walinzi wote walikuwa ndani ya baa wanaimba. Mti umeachiwa mtu mmoja tu, naye kalala kwenye benchi anakoroma kama trekta! Nikamvua kofia gizani, iwe ukumbusho. Akaingia ndani akaileta.

Kofia ya zimamoto. Ndani yake jina nililolishona mwenyewe kwa uzi wa buluu. Radim.

Siku zote hizi kaniacha nitukanwe!

Nimeiweka juu ya sahani yake kabla hajakaa kula. Akaitazama. Masikio mekundu. Akasema wakijua watamtoa kikosini, na baba yake alikuwa humo, na babu yake. Nikamwuliza, na mimi nitolewe wapi, Radim? Kijijini? Akatoka kwenda kulisha sungura.

Kwenye orodha kuna kumchoma mtu kisu mgongoni. Kwa Kicheki chetu ni kisu kidogo cha mfukoni. Sikuandika tafsiri. Naijua.

Halafu mtoto akalia, na ni Radim aliyemnyanyua, akamtembeza mpaka akalala. Ningependa kumchukia vizuri. Siwezi.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana Kubát, mkuu wa zimamoto, kaja mwenyewe, viatu kavua mlangoni. Vendula, binti yangu, kesho saa tisa mbele ya banda letu la zimamoto. Watu watakuwepo. Neno moja tu, samahani, halafu tunafungua pipa la bia, tunasahau. Nikamwuliza, kwa kosa la nani? Akacheka, usinipeleke huko, binti. Nikasema nitakuja, mzee, lakini hilo neno sitalileta.

Mama mkwe kashika kichwa. Utatutia aibu! Nikasema aibu ilishaingia, mama, ilikuja bila kofia. Akamtazama mwanawe muda mrefu. Nadhani ameelewa.

Jumamosi, 11 Mei

Saa nane na nusu. Rozárka kashiba uji. Nimevaa gauni jekundu, la kuonekana. Dirishani naona watu wanabeba mabenchi kwenda bandani. Wengi!

Asubuhi nilimwambia Radim: sitakutaja. Hilo ni lako. Lakini radhi siombi, na jioni navuka kidaraja na mtoto, nitavuka kesho, nitavuka mpaka ajue kuvuka kwa miguu yake. Ukitaka, tusukume kigari wote. Kanyoa ndevu mara mbili, kajikata kidevu.

Kama watanizomea, wanizomee. Nitasimama mgongo wima na —

Radim ananiita uani. Vendulka! Teremka, mlete mtoto, na mama naye aje, nyote! Radim wangu hapazi sauti kamwe — hata jirani kageuka. Na Bwana Kubát yuko naye pale getini, amevua kofia. Sijui kama Radim ameshamwambia ni nani aliyelala, au anangoja aseme mbele yetu sote. Nateremka.