Kidato cha Kwanza Hakirukwi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yamepoa na umeanza tena kuwagombeza kuku wa jirani, maana ukinyamaza ndipo ninapopata wasiwasi. Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri na nalala usingizi.

Mjomba amenifikishia ujumbe wako. Unataka nimwombe radhi mkuu wa shule, yaishe, nisije nikapoteza kazi kwa ajili ya kiburi. Nakuheshimu, Mama, na ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa simu harakaharaka. Mjomba ni mjumbe wa bodi ya shule yetu na ananipenda, lakini amekupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ngoja nikupe mwenyewe.

Unajua mimi hufundisha sayansi kidato cha kwanza. Kwa mtaala wetu, hawa wa kwanza wanatakiwa washike, wanuse, wachore, waulize maswali ya kitoto hadi mwalimu achoke. Wa pili wanapima na kuanza kutafuta sababu. Wa tatu, ndevu na ubishi vinapoota pamoja, wanachagua masomo yao na kujifunza kubishana kwa hoja. Wakifika cha nne unaweza kuwaachia swali mezani ukaenda zako, wakalimaliza wenyewe. Aliyeupanga mtaala huu aliwajua watoto. Mimi naupenda, na nasema bila haya.

Sasa mkuu wetu, ambaye wanafunzi wanamwita Asilimia kwa sababu hawezi hata kusalimia bila kutaja ufaulu, mwaka huu aliamua kwamba hayo yote ni kupoteza muda. Akaagiza watoto wa kidato cha kwanza wakaririshwe majibu ya mtihani wa kidato cha nne, eti wazoee mapema. Nilipinga kwenye kikao cha walimu, nikaambiwa nina maneno mengi. Basi watoto wakawa wanaimba majibu ya mambo wasiyowahi kuyaona, wazazi wakafurahi, na mimi moyo ukawa unaniuma kila kipindi.

Ndipo ikaja siku ya bodi kutembelea maabara. Watoto walitakiwa wadondoshee iodini kwenye vipande vya kiazi, kisha waandike walichokiona. Iodini ni ya kahawia, lakini ikigusa kiazi, kiazi hugeuka bluu iliyokoza karibu iwe nyeusi. Wakadondosha, wakainama, wakaandika. Asilimia akakusanya karatasi na kuwasomea wageni kwa madaha: bluu iliyokoza, bluu iliyokoza, bluu iliyokoza. Wageni wakapiga makofi. Kisha akafika kwenye karatasi ya binti mmoja wa dawati la nyuma, yule wenzake wanayemwita Mzigo kwa kuwa kukariri kumemshinda. Alikuwa ameandika kwamba kiazi hakijageuka rangi yoyote, na kwamba kinanukia chai. Mkuu akacheka, akawaambia wageni kwamba kila darasa lina wa kubebwa, akamchorea sifuri palepale. Mtoto akaanza kulia kimyakimya.

Nikasimama, nikawaomba wageni wasogee wanuse zile chupa. Ilikuwa chai ya rangi, Mama! Viazi havikugeuka bluu hata kidogo mbele ya darasa zima na mkuu wao, na hakuna aliyeviangalia isipokuwa huyo mtoto. Kabla sijaendelea, Mjomba akadakia kwamba masikini mpwa wake amechanganya chupa stoo, jamani, nani asiyesahau. Wageni wakacheka kwa kuona aibu, ziara ikaishia hapo, na mkuu akaniamuru niombe radhi kwa uzembe wangu mbele ya shule nzima.

Habari ya Mjomba inaishia hapo. Sasa kaa kitako usikilize ya kwangu. Sikuchanganya chupa. Ile chai niliipika mwenyewe nyumbani, nikawa naongeza majani na kuonja rangi kwa macho hadi ikafanana kabisa na iodini, nikaichuja, nikaijaza kwenye chupa za maabara. Nilitaka watu wazima waone tunachowafanyia watoto. Asubuhi ya kuomba radhi nilisimama mbele ya shule nikasema hivyohivyo. Watoto niliwaomba radhi, kwa sababu wao niliwadanganya, na yule binti nikamwambia kwamba jibu sahihi siku ile lilikuwa lake peke yake. Mkuu sikumwomba kitu, wala sitamwomba. Akaninyang'anya darasa siku hiyohiyo, na bodi inakaa wiki ijayo kuamua kama nibaki au nifungashe.

Wakinifukuza nitarudi nyumbani, tutagombana wewe na mimi, na maisha yataendelea. Ila jana mkuu aliniita ofisini, jasho linamtoka. Mwalimu aliyepewa darasa langu alikuwa amejaza majibu ubaoni, watoto wakaweka kalamu chini wakasema hawaandiki mpaka waonyeshwe kitu chenyewe. Tena walioanzisha ni walewale waliokuwa wakiimba vizuri kuliko wote. Akanifokea, akitaka kujua nimewafanya nini watoto wake. Nikamjibu kwamba nimewafundisha kidato cha kwanza.

Nisalimie Baba, na dada zangu wote na watoto wao. Mjomba mwambie namshukuru kwa huruma yake, lakini kwenye kikao cha bodi asinitetee kwa uongo. Akishindwa kusema kweli, basi anyamaze. Na wewe Mama, nikumbuke kwenye dua zako kama kawaida. Niombee afya, niombee nguvu. Unyenyekevu usiniombee, angalau mpaka bodi ikae.

Ni mimi binti yako,
Kitindamimba